Nimetoka Uturuki kuongeza makalio, sasa naogopa hata kukaa

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 31, nafanya biashara ya vitambaa Kariakoo. Safu yako naisoma siku zote, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia, tena naandika nikiwa nimelala kifudifudi maana siku hizi ndivyo ninavyoshinda.

Shangazi, nimefanya BBL. Nilikwenda Istanbul, wakaninyonya mafuta tumboni, kiunoni na mgongoni, wakayaweka kwenye makalio na nyonga. Leo ni siku ya 12. Siku ya saba nilipanda ndege kurudi Dar, saa saba angani. Walinipa mto wa kuweka chini ya mapaja, lakini nilipitiwa na usingizi, nikaamka mto umeteleza na makalio yote yamekalia kiti. Tangu hapo sina amani. Nikijitazama kwenye kioo naona upande wa kulia umepungua.

Nyumbani naishi na mama na dada yangu. Niliwaambia nakwenda kufuata mzigo, na niliporudi nikasema nimeumia mgongo. Mama anataka kunikanda kwa maji ya moto kila jioni, nikikataa ananuna. Nashinda chumbani, nainuka kwenda chooni tu, kwa sababu nikikumbuka hela niliyotoa naogopa kuyaharibu. Hata chooni sikai sawasawa, naning'inia. Kuswali naswali nimesimama mwanzo hadi mwisho, sijui kama inafaa. Na wiki ijayo lazima nikafungue duka.

Naomba uniambie nianze kukaa lini na nikae vipi. Nitatokaje Mbagala mpaka Kariakoo? Na mafuta niliyoyakalia kwenye ndege ndiyo yamekufa? Mguu wa kushoto nao umejaa kidogo tangu juzi, kigimbi kinauma nikikanyaga, nadhani ni kulala vibaya. Halafu rafiki yangu ameshatanguliza malipo aende mwezi ujao, nimwambie nini?

Naomba usinitukane, Shangazi. Jina langu lihifadhi.

Mwanao wa Mbagala

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hapa hutukanwi na mtu. Mwili ni wako, hela umezitolea jasho, na upasuaji umeshafanyika. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi wodi ya upasuaji ninachotaka ni kukuona umepona.

Wasomaji wajue kwamba barua hii nilipoipata sikungoja zamu ya safu. Nilimjibu mwenyewe jioni ileile nikamwambia aweke kando maswali ya kukaa, avae, aende hospitali yenye utrasaundi usiku huohuo. Sababu ni lile jambo alilolitaja karibu na mwisho kama dogo: mguu wa kushoto umejaa na kigimbi kinauma. Mguu mmoja. Uchovu wa safari kwa kawaida hujaza miguu yote miwili. Mtu aliyepasuliwa juzijuzi, akakaa ndegeni saa saba, kisha akashinda kitandani, akivimba mguu mmoja tunachukulia kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa ndani mpaka kipimo kiseme vingine. Donge hilo likikatika hupanda na damu, linapita kwenye moyo na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Anayepatwa na hilo anaweza kuwa anaongea na wewe vizuri, akainuka kwenda kunywa maji, akaanguka.

Alikwenda. Kipimo hakikuonyesha donge, na daktari amemtaka arudi baada ya wiki kupimwa tena, kwa sababu donge dogo la kigimbini linaweza lisionekane mara ya kwanza. Walimpima na wingi wa damu wakakuta umeshuka, jambo la kawaida kwa aliyenyonywa mafuta sehemu nyingi kwa siku moja. Yaliyobaki namjibu hapa kwa ruhusa yake, maana wanaolala kifudifudi vyumbani wakiogopa kuuliza ni wengi.

Sasa, mwanangu, hofu yako umeielekeza pasipo pake. Kukaa vibaya kunaweza kukupunguzia shepu uliyoilipia. Kushinda umelala bila kuinuka kunaweza kukuua. Kwa hiyo kabla sijakufundisha kukaa, nataka utembee. Kila baada ya saa moja ukiwa macho, inuka, zunguka uani au varandani dakika tano, rudi. Ukiwa umelala chezesha nyayo, vuta vidole kuelekea goti kisha visukume mbele, mara kwa mara, ili kigimbi kisukume damu. Kunywa maji ya kutosha. Kama unatumia vidonge vya majira mwambie daktari, kwa sababu vile vyenye estrojeni vinaongeza uwezekano wa damu kuganda. Na kigimbi kinachouma mtu asikikande wala kukichua hata kidogo mpaka kipimo cha pili kitoke. Ukiinuka, inuka taratibu: geuka ubavu, jisukume kwa mikono, simama umeshika ukuta, ndipo utembee. Damu imepungua, kizunguzungu kitakuwepo.

Nije kwenye mafuta. Yaliponyonywa tumboni yalitenganishwa na mishipa yake yote ya damu. Kule yalikopelekwa, siku za mwanzo yanaishi kwa majimaji ya nyama iliyoyazunguka tu, huku mishipa midogo mipya ikianza kuota kuyafuata. Mishipa hiyo ni laini mno. Uzito wa mwili ukiibana muda mrefu, damu haipiti. Ndiyo sababu mmekatazwa kukaa. Lakini hata kwa mtu ambaye hakukaa kabisa, sehemu ya mafuta hufa, mara nyingi robo au theluthi, na kwa wengine zaidi. Mwili unayameza taratibu. Uvimbe wa upasuaji nao hushuka, na haushuki pande zote mbili kwa siku moja. Upande wa kulia unaouona mdogo leo huenda umetangulia tu kutoa maji. Ule usingizi wa ndegeni haukuharibu kila kitu. Acha kujipima kwenye kioo asubuhi na jioni. Umbo lenyewe linaonekana kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita. Kinacholidhuru bado ni shisha na sigara, kwa kuwa zinabana mishipa, na kujinyima chakula. Ukikonda sana, na hayo mafuta yatakonda. Kula maini, maharage, mchicha na samaki, urudishe damu.

Kukaa. Wapasuaji hawana kauli moja. Wengi wanakataza kukalia makalio moja kwa moja kwa wiki mbili za mwanzo, kisha wanaruhusu kukaa kwa mto mpaka wiki ya sita au ya nane. Wapo wanaoruhusu mapema zaidi. Aliyekupasua ndiye anayejua aliweka mafuta kiasi gani na wapi, basi mwulize na umfuate yeye. Kama naye amesema wiki mbili, zikitimia unaweza kuanza, kwa mto, dakika kumi na tano hivi kisha unainuka.

Mto wenyewe usiwe ule wa duara wenye tundu wanaopewa wenye bawasiri au waliojifungua. Huo unabana kingo za makalio, na kwenye kingo hizo ndiko mafuta mengi yamewekwa. Kama wa Istanbul umelegea, nenda kwa mafundi wa sofa Keko, waambie wakukatie sponji ngumu, pana kiasi cha kubeba mapaja yote mawili, unene sentimita 15 hivi, waivike kitambaa. Iweke kwenye kiti kigumu. Simama umekipa kiti mgongo, jishushe mpaka nyuma ya mapaja iguse sponji, mwili ukiuinamisha mbele kidogo. Makalio yabaki nyuma ya sponji, yakielea, na nyayo zote ziguse sakafu. Kisha mwombe dada yako apitishe kiganja kati ya kalio na kiti. Kikipita bila kukwama, umekaa sawa. Kikibanwa, sogeza sponji mbele kuelekea magoti au ongeza unene. Ukichoka mgongo, na utachoka, weka mto mwingine nyuma ya kiuno badala ya kujiegemeza kwa kuteleza chini, kwani ukiteleza tu umeshayakalia.

Chooni acha kuning'inia. Kukaa choo cha kukaa dakika mbili tatu, ukiinama mbele uzito uende mapajani, hakuna neno. Cha kuchuchumaa hakikandamizi makalio, ila kinavuta ngozi na nyuzi, na kwa damu yako ilivyo unaweza kuanguka. Kinachokaweza watu chooni ni dawa kali za maumivu zinazofunga choo, kwa hiyo papai na maji visikose, na kama parasetamoli inatosha usiongeze nyingine. Usijinunulie diklofenaki dukani bila kumwuliza daktari, hasa kama utaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukichamba, peleka maji kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Vile vitundu vidogo walivyopitishia mrija mara nyingi viko kwenye mkunjo wa kalio, na hapo unyevu haukauki wenyewe kwa joto la Dar.

Kulala, kifudifudi au ubavu vyote vinafaa. Kama tumbo linauma, weka mto chini ya kifua na mwingine chini ya miguu.

Swala. Swahaba Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume kuhusu kuswali, akaambiwa aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Mgonjwa amepewa nafasi yake. Kwa upande wa mwili, rukuu haina shida ikiwa tumbo halivuti, na sijda haikandamizi makalio, ila inuka polepole. Kinachokandamiza ni kile kikao kati ya sijda mbili na cha tahiyatu, unapokalia kisigino. Hapo unaweza kupiga magoti ukabaki wima bila kukalia miguu. Mwulize shehe wako, au mke wake kama unaona haya. Hulazimiki kutaja ni upasuaji gani.

Safari ya Kariakoo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko duka lenyewe. Bodaboda hapana, mpaka wiki nane zipite: unakalia kila kitu na barabara inakupigapiga. Bajaji inatikisa vilevile. Daladala ya kusimama inafaa kwa makalio, lakini tumbo lako lina majeraha ndani na kiwiko cha kondakta hakijui hilo. Kama unaweza, panda teksi saa ambazo hakuna foleni, sponji chini ya mapaja, mkanda umefungwa. Usipige magoti kwenye kiti ukitazama nyuma kama wanavyofanya kwenye video. Ajali ndogo tu itakurusha. Ukipata mtu wa kukaa dukani wiki mbili zaidi, mlipe ubaki nyumbani. Ukilazimika kwenda, fanya kazi umesimama, tembea, na majora ya vitambaa asishushe mwingine ila kijana wa dukani. Kunyanyua vizito bado mpaka wiki ya sita na kwa ruhusa. Jikoni nako, mbuzi ya kukunia nazi uiweke mbali. Kile kibao ni kifupi, unakikalia kwa uzito wote na miguu umetanua, na nazi moja haimaliziki kwa dakika mbili.

Sasa mama. Nakuelewa kwa nini umemficha. Lakini sikiliza kuhusu maji ya moto. Ngozi ya mahali palipochukuliwa na palipowekwa mafuta imekufa ganzi, hisia zitarudi baada ya wiki au miezi. Mama akikukanda kwa taulo la moto hutasikia kwamba linaunguza, na ngozi itachubuka juu ya jeraha ambalo bado liko chini. Chupa ya maji ya moto ni hivyohivyo. Yeye anafanya anachokijua, amekanda wazazi wangapi wakapona, na kukataa kwako bila sababu kunamuumiza. Kufungwa kanga tumboni nako usikubali, kwa kuwa tayari una ile nguo ya kubana, nayo imeshonwa ikibana kiuno na kuacha makalio. Ikikubana mpaka unapata ganzi miguuni au michirizi inayochimba ngozi, imekuwa ndogo. Masaji ya kutoa maji ifanywe na aliyesomea tu, mpasuaji wako akiruhusu, na mkono wake usipite kwenye makalio.

Mwambie dada yako, mwanangu. Kama mama bado ni mzito, anza na dada. Siyo kwa ajili ya kuungama. Fikiria usiku wa manane umekosa pumzi, unashindwa kuongea, wanakufikisha hospitali na wanamwambia daktari umeumia mgongo. Daktari atatafuta mgongo. Mtu mmoja ndani ya nyumba lazima aweze kusema: amepasuliwa tarehe fulani, alinyonywa mafuta, alisafiri kwa ndege, anatumia dawa hizi. Na ayajue mambo ya kukukimbiza hospitali bila kungoja asubuhi: kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu, kuzimia, moyo kwenda mbio usipofanya kazi yoyote, tumbo kuuma sana na kuwa gumu.

Homa nayo. Hapa kwetu mtu akipata homa anapita famasi, anapewa dawa ya malaria, anarudi kulala. Wewe ukipata homa pima malaria, sawa, lakini mwonyeshe daktari na vidonda. Wekundu unaosambaa, joto mahali pamoja, usaha, harufu, au uvimbe unaocheza kama una maji ndani, vyote vinataka mkono wa daktari siku hiyo. Hata baada ya miezi miwili au mitatu, kivimbe kigumu kinachouma na kutoboka mwambie daktari akipime usaha wake maabara. Kuna bakteria wa jamii ya karibu na wa kifua kikuu, wamewapata watu waliofanyiwa upasuaji wa urembo nje ya nchi zao, na antibiotiki za kawaida hawazisikii. Kivimbe kisichouma, kisicho na homa, mara nyingi ni mafuta yaliyokufa, na hicho kinangoja kliniki.

Kuhusu rafiki yako, mpe barua hii asome yote. Hatari kubwa ya upasuaji huu hutokea mezani au ndani ya saa chache za kwanza: mrija ukizama kwenye msuli wa kalio unaweza kutoboa mshipa mkubwa, mafuta yakaingia kwenye damu na kufika kwenye moyo na mapafu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kifo kimoja kinaweza kutokea katika kila upasuaji 3,000, kiwango kikubwa mno kwa urembo. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwataka wanachama wake waache kuufanya, na mwaka 2022 kikaruhusu kwa sharti kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli, chini ya ngozi, mpasuaji akiangalia ncha ya mrija kwa utrasaundi. Jimbo la Florida lilipiga marufuku kuweka mafuta ndani ya msuli mwaka 2019. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kimehesabu Wamarekani 93 waliokufa baada ya upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Na hapo jirani, Nairobi, mwaka 2024 mwanamke alifariki baada ya kupunguzwa mafuta kwenye kliniki ya urembo, baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Rafiki yako aulize kwa maandishi, kabla ya tiketi: ni mpasuaji gani kwa jina, na je ndiye atakayeshika mrija mwanzo hadi mwisho? Anatumia utrasaundi wakati wa kuweka mafuta? Anafanya wangapi kwa siku? Huko Florida mwaka 2022 bodi ya madaktari iliweka mwisho watatu. Nani atamtazama siku kumi za mwanzo, na akirudi Dar akapata tatizo atampigia nani? Wakala akimjibu kwa picha za wateja badala ya majibu, hela aliyotanguliza aihesabu kuwa imepotea, abaki nyumbani. Itamuuma, ila itapita.

Na wewe leo waandikie hospitali ya Istanbul, omba ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza: mililita ngapi zilitolewa, ngapi ziliwekwa na kila upande, ziliwekwa juu ya msuli au wapi, dawa ulizopewa. Ikifika, mpelekee mpasuaji wa idara ya upasuaji rekebishi, Muhimbili au hospitali nyingine kubwa iliyo karibu nawe, umwombe akufuatilie mpaka mwezi wa tatu. Nakala moja iwe kwenye simu ya dada yako.